Kidole cha Mwenye Njaa



Ndugu zangu, siku moja baada ya Alasiri tulikuwa tumekaa hapa Biryogo tukinywa chai. Mwenzetu mmoja aliyekulia katika kambi ya wakimbizi akasema, "Kwetu, mama asipoweka kidole kwenye mashine, hatuli."

Mwanzoni sikuona ubaya. Mashine humzuia mjanja asichukue posho mara mbili, na posho iliyoibiwa ni haki ya yatima. Lakini tunafundishwa kuwa mkataba husimama juu ya ridhaa. Mama ambaye watoto wake wanalia njaa anaweza kukataa?

Tazameni yaliyotokea Kenya. Wakati wa ukame, baadhi ya Wakenya wenye asili ya Kisomali walijiandikisha Dadaab kama wakimbizi ili wapate chakula. Baadaye, vijana wao walipoomba kitambulisho cha taifa, alama za vidole zikawaonyesha kuwa ni wakimbizi. Wakanyimwa uraia wao kwa sababu ya chakula walichokula utotoni. Mashine haikukosea, ilikumbuka tu, bila kujua njaa ni nini.

Sisi Wanyarwanda tunajua zaidi. Katika miaka ya 1930 wakoloni wa Kibelgiji waliandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno lile moja lilitosha kumuua mtu kwenye kizuizi cha barabarani. Walioliandika walikuwa wameshaondoka, maandishi yalibaki. Na katika siku hizo hizo, wapo Waislamu wa Biryogo waliowaficha majirani zao. Mlango ulifunguliwa kwa sababu aliyebisha alikuwa mtu.

Surat al-Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa bila kutaka malipo wala shukrani. Nami naona kuwa alama ya kidole inayochukuliwa kwa mwenye njaa, kisha ikatumika kwa jambo jingine, ni malipo.

Sisemi tuzivunje mashine. Nasema taarifa za mkimbizi ni amana: zichukuliwe kwa kiasi cha haja, zisipewe mwingine bila idhini yake, na haja ikiisha zifutwe. Wengi wetu tunasomea kompyuta, na kesho tutaajiriwa kutengeneza mitambo hiyo. Siku hiyo tujiulize: akiiba daftari hili mtu mbaya, nani atakufa?

Wabillahi tawfiq.