Mgeni wa duru ya pili

Mwaka jana tulichagua mwenyekiti wa komite ya vijana hapa kambini kwetu, Muyinga. Wagombea walikuwa wanne. Hakuna aliyefikisha nusu ya kura, na kanuni yetu inasema wawili wa juu warudi tena baada ya wiki moja. Siku ya kwanza mstari ulifika mpaka kwenye bomba la maji. Siku ya pili, saa nne asubuhi, nilihesabu watu 17. Wale ambao mtu wao alishindwa walikuwa wamekwenda kulima vibarua, wengine wamelala tu.

Ndipo akaja kaka mmoja ambaye alikulia hapa lakini sasa anaishi Bujumbura. Aliazima megafoni akaanza kuzunguka mitaa: "Vijana, amkeni, msikubali wengine wawachagulie!" Hakutaja jina la mgombea, ila wote tulijua rafiki yake ni nani. Mama mmoja alikuwa anachambua maharage mbele ya nyumba yake. Akamwuliza, "Mwanangu, usiku wa leo unalala wapi?" Kaka akajibu, "Bujumbura, mama. Gari ni saa nane." Mama akasema, "Haya," akarudi kwenye maharage yake.

Watu walicheka sana. Mimi kama muhamasishaji wa vijana sikucheka, kwa sababu kuwaita watu ndiyo kazi yangu, na swali la yule mama liliniingia. Je, mtu asiyelala hapa ana haki ya kutuamsha tupige kura?

Tukumbuke kwanza kwamba duru ya pili ina ugonjwa wake. Katika duru ya kwanza kila mtu ana mtu wake. Katika ya pili, wengi wanaambiwa wachague kati ya watu wawili ambao hawakuwapenda. Wanabaki nyumbani. Hapo ndipo wanasiasa wanatafuta mgeni mwenye jina kubwa aje kuwatoa watu ndani.

Chukua jimbo la Georgia, Marekani. Ndugu zetu wengi waliopata safari wanaishi kule, katika mji mdogo wa Clarkston. Kwa sheria ya Georgia, mgombea asipopita nusu ya kura watu wanarudi tena. Novemba 2008 watu zaidi ya milioni 3.7 walipiga kura ya kiti cha seneti. Kabla ya duru ya pili, Sarah Palin, gavana wa Alaska, alikuja kumwombea kura Saxby Chambliss. Bill Clinton na Al Gore nao walikuja kwa ajili ya Jim Martin. Hakuna hata mmoja wa wageni hao watatu aliyekuwa mkaaji wa Georgia. Siku ilipofika, wapiga kura walikuwa kama milioni 2.1 tu. Chambliss akashinda. Majina makubwa yote yale, na bado watu zaidi ya milioni moja na nusu hawakurudi.

Lakini ngoja. Januari 2021, Georgia hiyohiyo ilikuwa na duru ya pili ya viti viwili. Siku moja kabla ya kura, Donald Trump alikuwa Dalton na Joe Biden alikuwa Atlanta. Safari hii walirudi watu karibu milioni 4.5, wakati Novemba walikuwa kama milioni 5. Je, wageni wa 2021 walikuwa na sauti kubwa kuliko wale wa 2008? Sidhani. Mwaka ule kila mtu alijua kwamba viti viwili vile ndivyo vitakavyoamua nani ataongoza seneti nzima. Nadhani mgeni alikuta ngoma imeshaanza, akaongeza makofi.

Sisi Wakongomani tuna duru yetu ya pili ya kukumbuka, moja tu. Julai 2006 Joseph Kabila alipata karibu asilimia 45, Jean-Pierre Bemba asilimia 20, na mzee Antoine Gizenga asilimia 13. Oktoba 29 wawili wa kwanza wakarudi kwa wananchi. Gizenga akamuunga mkono Kabila, na baadaye akawa waziri mkuu. Kwa hesabu ya karatasi, kura za Gizenga zilikuwa zimeshahamia kwa Kabila. Lakini watu si mizigo ya lori. Katika jimbo la Bandundu, nyumbani kwa mzee mwenyewe, Bemba ndiye aliyepata kura nyingi zaidi. Kabila alishinda nchi nzima kwa asilimia 58, lakini Bandundu walionyesha kwamba hata mtoto wa nyumbani hawezi kukupeleka sokoni kama mbuzi. Waliojitokeza pia walipungua, kutoka kama asilimia 70 hadi 65.

Halafu Januari 2011 katiba ikabadilishwa, duru ya pili ikafutwa. Sababu moja iliyotolewa ilikuwa gharama. Tangu hapo mtu anaweza kuwa rais kwa chini ya nusu: mwaka 2018 mshindi alitangazwa kwa asilimia 38 na kidogo. Mimi naona duru ya pili ni ghali, ndiyo, lakini inamlazimisha mkubwa kuja kuomba kwa mtu ambaye mara ya kwanza hakumhitaji. Hiyo peke yake ni heshima fulani. Ndiyo maana siwezi kuwachukia wageni wa duru ya pili kwa jumla. Angalau siku ile wanabisha hodi.

Sasa turudi kwa yule mama. Swali lake lilihusu bei: kesho asubuhi nani atalipa? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Agosti 2018, mji wa Arua kule Uganda ulikuwa na uchaguzi mdogo baada ya mbunge wake, Ibrahim Abiriga, kuuawa. Kiti kilikuwa kimoja tu cha manispaa, lakini wakubwa wote walishuka. Rais Museveni alikuja kwa ajili ya mgombea wa chama chake. Bobi Wine, mbunge wa Kyadondo Mashariki karibu na Kampala, alikuja kwa ajili ya Kassiano Wadri. Agosti 13, siku mbili kabla ya kura, kukatokea vurugu. Yasin Kawuma, dereva wa Bobi Wine, alipigwa risasi akafa. Bobi Wine mwenyewe, Wadri na watu zaidi ya 30 walikamatwa. Wadri alishinda kiti akiwa kizuizini.

Kwa miaka kadhaa nilitumia habari ya Arua kuwaambia vijana: mnaona, wageni wanakuja na fujo, wanawaachia ninyi kilio. Siku moja kijana mmoja wa miaka 16 akanisahihisha. Akasema, "Lakini kaka, aliyekufa ni mtu wa mgeni." Nikakosa jibu. Ni kweli. Dereva yule alikuja na mgeni na hakurudi nyumbani. Kwa hiyo siwezi kusema mgeni siku zote hailipi bei. Yuko mgeni anayekuja na gari la saa nane, na yuko mgeni anayebaki mpaka bei inapokatwa. Hawa wawili tusiwaweke katika kapu moja.

Na kuzaliwa mahali hakutoshi kukuondolea ugeni. Barabara ya kutoka Ngozi kwenda Gitega inapita Bugendana. Wanaoishi huko na wanaosoma jarida hili wanajua Julai 1996 ilikuwa nini. Katika kambi ya waliokimbia makwao, watu zaidi ya 300 waliuawa tarehe 20. Siku tatu baadaye, Rais Sylvestre Ntibantunganya alikuja kwenye mazishi. Yeye ni mtoto wa Gitega hiyohiyo, wa Gishubi. Waliofiwa walimrushia mawe. Akakimbilia nyumbani kwa balozi wa Marekani, na tarehe 25 jeshi likamrudisha Buyoya madarakani. Sitaki kuwahukumu waliorusha wala aliyerushiwa, mimi si wa kuyapima yale. Nasema tu kwamba mbele ya makaburi yale, mkubwa wa nchi na mtoto wa mkoa alikuwa mgeni. Waliolala pale usiku ule wa kifo ndio walikuwa wenyeji.

Mpaka hapa ungedhani nimeshafika: asiyelipa bei anyamaze. Nilitaka kumalizia hapo kabisa. Lakini kuna mambo mawili yanayonizuia.

La kwanza ni sahani yangu. Mwaka 2025 Marekani ilipokata misaada, hakuna mtu hapa kambini aliyehitaji redio kujua, posho ilisema yenyewe. Nani alikuwa amepiga kura? Watu wa Georgia, na Pennsylvania, na kwingine ambako sijawahi kufika. Kura yao ilifika mpaka kwenye sufuria yetu. Kwa hiyo wanaolipa bei ya uchaguzi ni wengi kuliko wanaoshika karatasi. Kama ningeweza kusimama Atlanta na megafoni niseme, "Jamani, mkichagua, kumbukeni kuna watu Muyinga wanakula au hawali kwa sababu yenu," je, ningekuwa naingilia? Ningekuwa mgeni, ndiyo. Lakini ningekuwa mgeni mwenye njaa, na mwenye njaa ana la kusema.

La pili ni aibu, na nitaisema. Desemba 2023 Kongo ilipiga kura. Kwa mara ya kwanza Wakongomani wa nje waliruhusiwa, lakini katika nchi tano tu: Ubelgiji, Ufaransa, Afrika Kusini, Kanada na Marekani. Burundi haikuwemo. Sisi wa kambini hatupigi kura hapa, na hatukupiga kule. Basi mimi nikampigia simu binamu yangu Uvira. Nikamwambia aamke mapema, apange mstari, asikubali kurudi nyumbani, na nikamwambia achague nani. Nilisema kwa ukali kidogo, kama mkubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Ndugu yangu, fujo ikitokea kwenye mstari, mimi nitakimbia, wewe utaweka emoji ya kulia kwenye WhatsApp."

Sikuwa tofauti na wale wa majina makubwa. Nilikuwa Palin bila ndege.

Niliumia kwa sababu nilijiona mwenyeji wa Uvira. Kumbe binamu yangu alinisikia kama mgeni. Na hapa Burundi, ambapo nimelima, nimesoma, nimezika, naitwa mgeni kila siku. Wazee wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwanasiasa wa kampeni anaondoka kabla ya siku ya tatu, jembe halimfikii. Mkimbizi ameshika jembe miaka 20 na bado anaitwa mgeni. Methali ile inatupima wote wawili kwa kazi ya mikono, si kwa karatasi. Mimi naichukua kama kipimo changu.

Ndugu wa mashirika mnaosoma hapa watanikumbusha kuwa mkimbizi ana mipaka yake. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 unatukataza uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama. Sawa, nauheshimu, na najua ulitokana na mambo gani. Lakini kumwambia ndugu yako "nenda kapige kura" si uchochezi. Na ninyi pia, kwa upole nasema, ni wageni wa duru ya pili kwetu. Mnakuja na megafoni: njooni kwenye mkutano, jazeni fomu, chagueni wawakilishi. Mara nyingi ni jambo zuri. Lakini mradi ukiisha mwezi wa sita, gari lenu nalo ni saa nane.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule mama ni hili. Mgeni ana haki ya kusema. Hana haki ya kusema kama mwenyeji. Aseme kwanza ametoka wapi, anarudi saa ngapi, na yeye anapata nini matokeo yakiwa hivi au vile. Kaka wa Bujumbura angesema tu, "Mimi silali hapa, mgombea huyu ni rafiki yangu, lakini naona mnapoteza nafasi," nadhani hata mama angeinua kichwa. Kosa lake lilikuwa kusema "sisi" wakati tiketi iko mfukoni.

Pili, aite watu lakini asiwabebe. Kumwambia mtu "njoo" ni kumheshimu, kumwambia "mzee wako ameshakupeleka kwa fulani" ni kumtukana, kama Bandundu walivyojibu. Na kumtisha au kumpa sabuni na kitenge ni kumnunua.

Tatu, na hili ndilo gumu, arudi baada ya matokeo. Mgeni njoo, mwenyeji apone: methali hiyo haisemi njoo mara moja. Aliyekuja kutuamsha kabla ya kura, aje kutuuliza tumeamkaje baada ya kura.

Uchaguzi wetu uliisha kwa kura 61, chini ya nusu ya siku ya kwanza. Rafiki wa kaka yule alishindwa. Kaka hajarudi bado, na mimi simsemi vibaya, nauli ni ghali.

Nilimpigia binamu yangu tena, safari hii si wakati wa kura. Niliuliza bei ya unga Uvira, na kama mtoto wake amerudi shuleni. Tukaongea dakika 20 mpaka salio likaisha. Siasa hatukuigusa. Mwishoni akasema, "Leo umeongea kama mtu wa hapa."