Dalali Asiyetaka Ujira

Huulizwa: katika madalali wa hisa wa kwenye intaneti, ni yupi mwenye ujira rahisi kwa mtu anunuaye na kuuza kila siku? Mimi naona liulizwe kwanza jengine. Huko Marekani, Oktoba 2019, kampuni ya Charles Schwab iliuondoa kabisa ujira wa hisa, na wenziwe wakaifuata. Sasa, ni dalali gani afanyaye kazi bure?

Robinhood, iliyojinadi kwa kutotoza ujira, ilikuwa ikilipwa na matajiri wa sokoni ili iwapelekee maagizo ya wateja. Disemba 2020 idara ya serikali isimamiayo masoko hayo ilisema kuwa wateja hawakuelezwa wazi, na kwamba bei mbovu waliyopewa iliwatia khasara ya dola milioni 34.1, hata baada ya kuhisabu ujira waliosamehewa. Kampuni ililipa dola milioni 65, bila kukiri wala kukana. Dalali kulipwa pande mbili si ajabu, hata katika masoko yetu. Dhuluma ni mmoja wao asijue. Dalali ni amini wa aliyemtuma.

Na huko kununua na kuuza kila siku kwenyewe? Barber na Odean walichungua nyumba 66,465 za Marekani, 1991 hata 1996. Waliofanya hivyo kwa wingi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, na hali soko lilitoa 17.9. Kweli, zama hizo ujira ulikuwapo. Lakini tafauti baina ya bei ya kununulia na ya kuuzia ingali pale, na hulipwa kila mara.