Kabla ya Tanuru



Tukimsoma Danieli tunakimbilia simba (sura ya 6) au tanuru la moto (sura ya 3). Sura ya 1 tunairuka, wakati ndiyo inayotuhusu sana sisi tuliosoma bweni. Danieli na wenzake watatu ni wanafunzi. Wametolewa kwao, wamepewa majina mapya, wamepangiwa masomo ya miaka 3 na chakula cha mezani kwa mfalme. Wao wanaomba mboga na maji, wajaribiwe siku 10. Tanuru bado. Kwa wakati huo vita yote iko kwenye sahani.

Hapo huwa nawawaza wavulana wa St. Francis College, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Walitoka makabila mbalimbali ya Tanganyika, wakalala bweni moja. Misa ilikuwa ya Kilatini. Na aliyetaka kukomunika hakula kitu tangu saa 6 usiku. Hata maji yalikatazwa, mpaka Papa Pius XII alipoyaruhusu mwaka 1953. Mfungo wa saa 3 ulikuja 1957. Hebu mfikirie kijana wa miaka 17, asubuhi, tumbo linanguruma, naye amepiga magoti.

Sisemi zama zile zilikuwa za dhahabu. Viboko vilikuwapo katika shule nyingi, na wasichana wengi wa rika lao hawakuiona sekondari kabisa. Lakini walijifunza jambo ambalo halikuandikwa ubaoni: unaweza kukitaka kitu, kiko mbele yako, wala si dhambi, na bado ukajiambia "subiri". Aristotle aliliona hilo zamani, kwamba mtu hawi shujaa kwa kusoma habari za ushujaa, anakuwa shujaa kwa kutenda.

Mwalimu wao mmoja alikuwa Julius Nyerere. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 akiwa bado anafundisha pale. Machi 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, akatakiwa achague: siasa au ualimu. Ana familia, na mshahara ndio huo. Akaacha kazi. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Mimi siamini kwamba nguvu ya kuamua vile ilimjia ghafla mwezi ule wa Machi.

Mfungo wetu sisi ni saa moja kabla ya Komunyo. Saa moja tu, jamani! Maji na dawa ruksa, wazee na wagonjwa hawabanwi. Na bado simama mlangoni kanisani Jumapili uone watu wanavyotema bigijii wakiingia. Sidhani ni dharau. Hatujaambiwa tu inahusu nini.

Kijana akiniuliza ataachaje picha chafu kwenye simu, au atakataaje rushwa akishaajiriwa, huanza kwa kumuuliza Jumapili alikula saa ngapi. Wengine hucheka.

Basi, kama Misa ya kwanza parokiani kwenu huanza saa 12:30, Komunyo inafika kama saa 1:15. Chai ya mwisho, na hilo andazi, ni kabla ya saa 12:15. Wa Misa ya pili, pigeni hesabu yenu Jumamosi usiku.