Je, Kupumzika ni Uvivu?

Huku kwetu Kibiti na katika visiwa vya delta ya Rufiji mtu husifiwa kwa jasho lake. Apigaye kasia tangu alfajiri, au alindaye mpunga usiku kucha katika dungu, huyo ndiye mtu. Aketiye mchana huitwa mvivu. Sisi nasi tulifundishwa hivyo, tukawafundisha watoto vivyo hivyo.

Tulikuwa na kijana mmoja shuleni, mwepesi wa miguu kuliko wenzake. Mbio za wilaya zilipokaribia tulimkimbiza kila siku asubuhi na jioni, wala Jumapili hatukumwachia. Juma la tatu akaanza kuchelewa. Tukamwongezea mizunguko! Akakosa usingizi, akaacha chakula, akawa mkali kwa wenzake, na watoto wadogo wakampita. Tukamwambia, "Unajilegeza." Akajibu, "Mwalimu, miguu haitaki." Zahanati walimpima malaria, wasiione. Mganga akatuuliza, "Hupumzika lini?" Hatukuwa na jibu.

Twaona haya kwamba hatukulijua jambo hili mapema. Mazoezi huuchosha mwili na kuuumiza kidogo, nao hujijenga upya mtu alalapo na alapo. Asiyepewa nafasi hiyo hushuka badala ya kupanda, na akizidi kushurutishwa, huenda kupona kwake kukachukua miezi. Wazee wa Rufiji walikuwa na shamba la mlau, lile la baada ya mafuriko: halikulimwa mpaka mto uondoke na kuacha tope lake. Wala hakuna aliyeliita shamba lile vivu.

Henry Rono wa Kenya alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81 za mwaka 1978. Rekodi yake ya mwisho ilikuwa mwaka 1981. Kisha pombe ikamshinda miaka mingi, kama alivyosimulia mwenyewe. Hatusemi uchovu ndio uliomlevya, maana mambo ya mtu yana mizizi mingi. Lakini watu huzikumbuka zile siku 81 kuliko miaka iliyofuata.

Wako watakaosema kwamba Mkristo hapaswi kuchoka. Na wamtazame Eliya chini ya mretemu, akiomba afe. Malaika hakumkemea wala hakumhubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili, ndipo safari ya Horebu ikaanza. Lakini mvivu asijifiche nyuma ya Eliya, kwa kuwa yeye alikuwa amekwisha kukimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli.

Kijana wetu tulimwachisha mazoezi, na mbio za wilaya zikapita bila yeye. Wazazi wengine walitulaumu. Mwezi wa tatu akaja mwenyewe kuomba mpira. Tukampa, tukaketi chini ya mwembe tukimtazama akicheza, na filimbi tukaiacha mfukoni.