Mila au Ibada? Fundisho Kutoka Historia ya Shinto

Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo humfikia kila mtu aliyeamua kuifuata imani yake kwa dhati, na hasa yule aliyeipokea dini akiwa mtu mzima. Jamaa zake humwambia: "Jambo hili si dini, ni mila yetu tu. Lifanye pamoja nasi, na imani yako ibaki moyoni." Je, maneno haya yatosha kuituliza dhamiri? Na ni nani mwenye haki ya kuamua kwamba tendo fulani ni ibada au si ibada? Huko Japani swali hili liliwahi kuulizwa na serikali yenye askari na magereza. Kwa hiyo yafaa tulitazame huko, ambako waliolijibu walilipa gharama kubwa.

Kwanza yatupasa kufahamu Shinto ni nini. Maana ya jina hilo ni njia ya kami. Nao kami ni roho au nguvu zinazotukuzwa, kama vile za milima, mito, miti mikubwa, mababu na mashujaa. Dini hii haina mwanzilishi ajulikanaye, wala haina kitabu cha sheria. Hukazia usafi, shukrani na sikukuu za mavuno. Vitabu vyake vya kale, Kojiki cha mwaka 712 na Nihon Shoki cha mwaka 720, vyasimulia kwamba nasaba ya wafalme wa Japani yatokana na Amaterasu, mungu wa kike wa jua, ambaye hekalu lake kuu liko Ise. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Shinto ilikaa pamoja na dini ya Budha, hata mara nyingi kami na Mabudha waliheshimiwa katika uwanja mmoja.

Mambo yalibadilika mwaka 1868, pale utawala wa Mashogun ulipoondolewa na mamlaka yakarudishwa kwa Mfalme Meiji. Nchi ilikuwa imegawanyika katika milki za mabwana zaidi ya 200, na merikebu za kivita za Magharibi zilikwisha fika pwani zake. Watawala wapya walitafuta kamba ya kuwafunga watu wote pamoja, wakaiona katika nasaba ya Mfalme. Wakaamuru mambo ya kami yatengwe na ya Budha, na katika ghasia zilizofuata mahekalu mengi ya Kibudha yakaharibiwa. Mwaka 1869 likajengwa mjini Tokyo hekalu la waliokufa vitani wakimpigania Mfalme, nalo mwaka 1879 likaitwa Yasukuni. Katiba ya mwaka 1889 ikatangaza kwamba Mfalme ni mtakatifu asiyeguswa.

Walakini katiba hiyohiyo iliahidi uhuru wa dini, mradi raia asivunje amani wala wajibu wake. Basi serikali ingewezaje kuwalazimisha watu wote kuinama mbele ya mahekalu? Ilipata njia nyepesi: ikasema kwamba ibada ya mahekalu ya Shinto si dini, ni heshima ya taifa tu. Mwaka 1900 ofisi ya mahekalu hayo ikatengwa na ofisi ya mambo ya dini. Tafadhali, msomaji, lifikiri jambo hili. Kama kuinama huko ni dini, raia ana haki ya kukataa. Kama si dini, basi akataaye huhesabiwa msaliti wa nchi yake. Kwa kubadili jina la tendo, haki ya mtu iliondolewa bila ya kufutwa hata herufi moja ya katiba.

Matokeo yalionekana upesi. Mwezi wa Januari 1891 mwalimu Mkristo, Uchimura Kanzo, hakuinama ipasavyo mbele ya hati ya elimu yenye sahihi ya Mfalme, akapoteza kazi yake. Mwaka 1932 baadhi ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sophia, cha Wakatoliki, walikataa kuinama Yasukuni, na jeshi likamwondoa afisa wake chuoni. Mwaka 1936 Vatikani iliyapokea maelezo ya serikali na kuwaruhusu Wakatoliki kuinama. Katika Korea, iliyotwaliwa na Japani mwaka 1910, mkutano mkuu wa Wapresbiteri wa mwaka 1938, ukiwa chini ya macho ya polisi, ulikubali kwamba tendo hilo si ibada. Mchungaji Chu Ki-chol alikataa, akafa gerezani mwaka 1944. Mwaka huohuo Makiguchi Tsunesaburo, Mbudha, aliyekataa kuipokea hirizi ya Ise, naye alifia gerezani.

Huenda mtu akasema: "Matendo hupimwa kwa nia. Aliyeinama huku moyo wake ukimkana kami hakuabudu." Hoja hii ina uzito, na aliyelazimishwa hatumhukumu sisi, Mungu aujua moyo wake. Lakini nia ya anayeinama ni jambo moja, na dai la anayeamuru ni jambo jingine. Vijana waliopelekwa vitani waliambiwa kwamba wakifa watatukuzwa kama kami pale Yasukuni. Mwenye kutoa ahadi juu ya hali ya mtu baada ya kufa anasema kwa ulimi wa dini, hata akijiita taifa. Tena, kama yalikuwa ni maamkizi ya adabu tu, gereza lilikuwa la kazi gani?

Wala tusidhani kwamba Shinto yenyewe ilinufaika. Tangu mwaka 1906 serikali iliyojiita mlinzi wake iliunganisha na kufunga makumi ya maelfu ya mahekalu madogo ya vijiji, ili yaliyobaki yasimamiwe kwa urahisi. Mkulima aliyezoea kushukuru kwa mavuno yake hapo kijijini alinyang'anywa mahali pake. Amri ya tarehe 15 Desemba 1945, iliyotolewa na majeshi ya Washirika, iliitenga Shinto na serikali. Tarehe 1 Januari 1946 Mfalme Hirohito alitangaza kwamba wazo la kumwona Mfalme kuwa mungu ni wazo la uwongo. Je, Shinto ilikufa? Hata kidogo. Hekalu la Ise bado hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Watu huenda kwa hiari yao.

Hata hivyo swali halikwisha. Mwaka 1977 Mahakama Kuu ya Japani iliamua kwamba mji wa Tsu haukuvunja katiba ulipolipia sherehe ya Shinto ya kuanza ujenzi, kwa kuwa ilikuwa desturi ya jamii. Mwaka 1997 ikaamua kinyume juu ya mkoa wa Ehime, uliotoa fedha za umma kwa sadaka za Yasukuni. Na mwaka 1988 mjane mmoja Mkristo alishindwa kesi yake. Mumewe, askari, alikuwa ametukuzwa kuwa kami bila ya ridhaa ya mjane huyo, naye akaambiwa avumilie dini ya wengine.

Basi, ndugu msomaji, unapoambiwa "hii ni mila tu," usikatae kwa pupa wala usikubali kwa woga. Uliza mambo matatu: tendo hili laelekezwa kwa nani? Laahidi nini? Na akataaye hufanywa nini? Salamu kwa mzee, msaada katika msiba, chakula cha pamoja, hayo hayamdai mtu imani yake. Lakini panapodaiwa imani, sema hapana kwa upole na adabu. Na haki hiyo unayoidai kwa nafsi yako, mpe na jirani yako, hata siku ile ambayo watu wa imani yako watakuwa wengi na yeye atakuwa peke yake.