Chozi la Mtazamaji

Huruma ni tunu ya moyo, lakini si kila tunu hutumiwa mahali pake. Mtu aweza kuketi mbele ya televisheni usiku, akamlilia mtoto ambaye hakuzaliwa kamwe, wa nchi ambayo yeye hajapata kuifikia, asemaye lugha ambayo yeye haielewi. Kisha akazima chombo, akalala usingizi mwema. Je, mtu huyo ametenda wema, au amejifurahisha tu? Swali hili si dogo. Linatugusa wengi, kwa maana tamthilia za Asia ya Mashariki, yaani za Japani, Korea na Uchina, zimeingia katika nyumba zetu, na wazee kwa vijana wanazipenda.

Nitatoa mfano wa tamthilia moja, maana jambo hufahamika vema likiwa na umbo. Tamthilia hiyo ni Oshin. Iliandikwa na mwanamke wa Kijapani, Sugako Hashida, ikaonyeshwa Japani toka Aprili 1983 hata Machi 1984, sehemu 297, kila sehemu dakika 15. Katika nchi hiyo, kwa wastani, zaidi ya nusu ya nyumba zilizohesabiwa ziliitazama. Baadaye ilisafiri katika nchi zaidi ya 60.

Oshin ni binti wa mkulima fukara wa Yamagata, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwao wali huchanganywa na figili ili kidogo kionekane kingi. Akiwa na umri wa miaka saba anapelekwa utumishi kwa ujira wa gunia moja la mchele. Anashuka mto Mogami juu ya chelezo wakati wa theluji, akiwaacha wazazi wake nyuma. Huko kwa mfanyabiashara wa mbao anabeba mtoto wa tajiri mgongoni, na kufua nepi katika maji yenye baridi ya kuuma mifupa. Mwishowe anasingiziwa wizi, naye anatoroka katika theluji. Ni vigumu kuyatazama haya kwa macho makavu, na mimi sikuweza.

Wako wanaoyalaumu mapenzi ya tamthilia hizi, na lawama zao ni tatu.

Lawama ya kwanza ni kuwa tunaulilia uongo. Hii haina nguvu. Uongo ni neno lisemwalo ili lisadikiwe. Bibi asimuliaye hadithi ya Sungura na Fisi hamdanganyi mjukuu wake. Wote wawili wanajua kuwa Fisi hasemi, na wote wawili wanajua kuwa ulafi upo. Oshin hakuwapo, lakini watoto waliotolewa kazini kwa sababu ya njaa walikuwapo Japani, na wamekuwapo penginepo.

Lawama ya pili ni kuwa mambo hayo ni ya kigeni, hayatuhusu. Wahenga walisema kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tamthilia humlaza mtazamaji kwa muda katika kitanda cha mwingine, akawajua kunguni wake. Japani iliitawala Korea toka mwaka 1910 hata 1945, na uchungu wa utawala ule haujesha. Walakini tamthilia ya Korea ya Kusini iitwayo Winter Sonata, iliyotolewa mwaka 2002, ilipoanza kuonyeshwa Japani mwaka 2003, wanawake wengi wa Kijapani waliipenda mno. Wako miongoni mwao walioanza kujifunza Kikorea, na waliosafiri kwenda kuona kisiwa cha Nami, ambako baadhi ya picha zake zilipigwa. Tamthilia haikufuta historia, wala haikuwa na uwezo huo. Lakini ilimpa jirani uso. Karibu nasi, tamthilia ya Kichina juu ya mwanamke aitwaye Mao Doudou na wakwe zake ilitiwa sauti za Kiswahili, ikaonyeshwa Tanzania mwaka 2011. Watazamaji hawakuhitaji kufundishwa maana ya mkwe. Mama mkwe ni mama mkwe, awe wa Uchina au wa Tanga.

Lawama ya tatu ndiyo nzito, na hiyo sikuweza kuijibu upesi. Inasema kwamba huruma ya mtazamaji ni huruma isiyo na gharama. Oshin haombi kitu. Hagongi mlango saa ya chakula. Hana harufu ya jasho, hakopi, harudii malalamiko yaleyale kila siku, na kila anapohuzunika pana muziki wa kutulainisha mioyo. Zaidi ya hayo, mwandishi ametufungulia maisha yake yote: tunajua alikotoka, alichoahidi, na anachokificha. Jirani yetu hatumjui hivyo. Twaona deni lake, hatuoni usiku wake. Basi ni rahisi kumpenda aliye mbali na kumchosha aliye karibu. Na hatari ni kuwa machozi yale hutufanya tujione wema. Mtu akishalia hudhani amekwisha toa.

Nasema hivi kwa sababu yalinipata. Jioni moja nilikuwa nikiitazama sehemu ile ya Oshin mtoni, na nepi mikononi. Machozi yalikuwa yakinitiririka. Bila ya kugeuza kichwa nilimwita binti aliyekuwa akinitumikia nyumbani, nikamwambia alete chai. Hakuwa mbali. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono yake ikiwa bado na povu la sabuni, naye akitazama. Alijifuta uso kwa upindo wa leso, akaenda. Aliporudi na chai aliniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, yule mtoto alirudi kwao?"

Nilikuwa najua hadithi, nikamjibu, "Alirudi, lakini hakukaa. Alipelekwa kazini tena mahali pengine."

Akasema, "Haya," akarudi jikoni.

Nilibaki na kikombe mkononi. Nilijua mwaka aliozaliwa Oshin, nikajua jina la mto uliomchukua, nikajua chakula cha kwao. Lakini sikujua ni lini binti huyu, aliyelala nyumba moja na mimi, alipowaona wazazi wake mara ya mwisho. Nilimfuata jikoni, nikamwuliza. Alifikiri kidogo, akasema, "Miezi 16." Hakusema kwa lawama, alisema kama mtu aliyeulizwa bei ya chumvi.

Wiki ile alikwenda kwao, na mshahara wake mkononi. Sijisifu kwa hilo, na hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mtumishi siku za mapumziko zisizopungua 21 kwa kila miezi 12 ya utumishi, naye hulipwa mshahara kamili. Siku zile, basi, hazikuwa sadaka yangu, bali mali yake, niliyokuwa nimeikalia. Binti yule hakuhitaji chozi langu. Alihitaji haki yake, na haki haingoji mwenye kuidaiwa ahuzunike kwanza.

Basi, je, tamthilia ilinifundisha? Ningekuwa mwongo kama ningesema ndiyo bila ya masharti. Nilikuwa nimetazama sehemu nyingi kabla ya ile, nikalia katika nyingi, na kila asubuhi nikaamka mtu yuleyule. Aliyenifumbua macho ni mtu mwenye povu mikononi, kwa swali lake moja. Lakini pia nisingesema kweli kama ningesema kuwa Oshin hakuwa na kazi. Kama moyo wangu haungalikuwa umelainika jioni ile, swali lile lingalinipita kama upepo upitavyo dirishani. Tamthilia ililima; swali likapanda. Shamba lililolimwa bila ya kupandwa huota magugu, na lisilolimwa halipokei mbegu.

Hivyo siwaungi mkono wasemao tuzime televisheni tukaonekane watu wa maana. Moyo usiosikitika kwa hadithi sina hakika kuwa husikitika kwa jambo jingine. Wala siwaungi mkono wadhanio kuwa kusikitika ni wema uliokamilika. Chozi si malipo ya deni. Chozi ni ukumbusho wa deni. Mwenye kukumbushwa akafurahia ukumbusho, kisha asilipe, ana kosa kubwa kuliko aliyesahau.

Ninyi vijana mnaosoma maneno haya, zitazameni tamthilia za Japani, Korea na Uchina kwa furaha mkipata wasaa. Waoneeni huruma watu wake, wachekeni wapumbavu wake, jifunzeni adabu na desturi za mataifa yale. Lakini picha ya mwisho ikiisha, kabla ya kuinuka, tazameni pia chumba mlichomo. Huenda mlangoni pamesimama mtu ambaye hadithi yake haijaandikwa na yeyote, wala haina muziki, naye anangoja kuulizwa swali moja tu.