Kununua Kinda la Kasuku

Wako wasemao kwamba kununua kinda la kasuku kwa mfugaji hakuna lawama, kwani ndege huyo hakunaswa mwituni. Neno hili lina haki yake. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo walinaswa kwa wingi mno, hata mwaka 2016 mataifa yalipokutana Johannesburg yakakataza biashara ya kimataifa ya wale wa mwituni.

Lakini twapenda kuuliza jambo jingine. Wafugaji wengi humtoa kinda chini ya wazazi wake akiwa na majuma machache tu, wakamlisha uji kwa mkono, ili amzoee binadamu na kumfuata kama mamaye. Mazoea hayo ndiyo mnunuzi anayoyalipia. Naye, kwa maoni yetu, hana ruhusa tena ya kuyachoka. Maana kasuku huyu akiachwa peke yake kutwa hujinyonyoa manyoya hata kifua kikabaki kitupu. Tena aweza kuishi miaka 40 na zaidi. Basi mtu wa miaka 50 atakaye kinda, na amwulize kwanza mwanawe kama atakubali kumrithi.